Landilodi na Pua za Wapangaji Wake

Mafua ya binti yangu, akiwa mtoto wa wiki kumi, yalitugharimu haya: kipande kizuri cha sponji, makaa ya jioni nzima, chupa ya matone ya chumvi, oda tatu za biashara ambayo kwa hesabu zangu ingenitoa mtaa wa Namakwekwe nikajenge kwangu, na heshima yangu mbele ya wapangaji wote wa ua ule. Nimehesabu mara mbili. Kitunguu sikukiweka, kwa sababu kilikuwa cha landilodi mwenyewe, na yeye kitu chake hakipotei.

Landilodi ndivyo tulivyomwita mwenye nyumba wetu akiwa hayupo. Akiwepo alikuwa Hajati, ingawa Makka hakuwahi kufika na hakuna mpangaji aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza. Alikuwa na vyumba vinane pale Namakwekwe, mjini Mbale, upande huu vinne na upande ule vinne, na katikati ua wa saruji ambao aliufagia mwenyewe kila asubuhi kwa hasira, kana kwamba vumbi nalo lilikuwa na kodi ya miezi miwili. Mimi na mke wangu Zaina tulipanga chumba cha tatu kwa miaka minne. Nilikuwa nikichukua sponji Jinja, kwenye mojawapo ya yale maduka ya Wahindi yenye baraza ndefu, naileta Mbale, naikata magodoro na mito. Kwa hiyo jambo la kulala nilidhani nalijua. Nilikuwa nakula kwa jambo la kulala.

Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya amri. Sokoni alisema Kiganda, na majirani alisema Kigisu, na katika lugha hizo mbili nasikia alikuwa mtu wa mzaha. Sisi wapangaji alitusemesha Kiswahili, kama afande anayekagua kambi. Hata salamu yake ilikuwa na sauti ya kukuuliza ulikuwa wapi jana.

Kuta za vyumba vile hazikufika kwenye mabati. Fundi aliishia pale matofali yalipoishia, na juu yake tukaachiwa hewa ya pamoja. Ukikaanga samaki, chumba cha saba wanajua ni sato au ni sangara. Mtoto akizibwa pua, ua mzima unakoroma naye. Landilodi alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha kamba nje ya mlango wake, anachambua maharage, na bila kuinua kichwa anatangaza: "Chumba ya tatu, pua. Chumba ya tano, kikohozi. Chumba ya nane, hiyo ni redio, zima."

Ungedhani basi ni mtu wa kusikiliza. Siku ya kwanza ya mafua ya binti yetu nilimwendea na kumpongeza kwa masikio yake. Nilikuwa na haja ya kuahirisha kodi, na sifa huwa naiweka mbele kama kianzio. Akaniangalia.

"Pua ni kelele tu, bwana. Pua inapiga kelele na mutoto anaishi. Mimi naangalia mbavu."

Na kweli aliangalia. Aliingia chumbani kwetu bila kubisha, akamfunua mtoto kifulana, akachuchumaa akitazama kifua kinavyopanda na kushuka, midomo ikitembea kama anavuta tasbihi. Nyama ya katikati ya mbavu ikiwa imetulia, mtoto ananyonya, basi anakuambia mama yake amlaze, na anatoka. Hakuna pole, hakuna dua ndefu. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: mtoto aliyezibwa pua alale, na asubuhi aamke. Kodi ilikuwa jambo la pili, ingawa la pili lililosimama karibu sana.

Sasa nieleze habari ya sponji, maana watu wa Namakwekwe bado wanaieleza vibaya.

Binti yangu alikuwa akilala kidogo, anashtuka, anatafuta hewa kwa mdomo, analia, ananyonya mara mbili anaachia ziwa. Zaina alikuwa hajalala, na mke ambaye hajalala anakuangalia kama wewe ndiwe uliyeleta hewa chafu duniani. Nikafikiria kama mfanyabiashara. Mtu mzima akizibwa pua anaongeza mto. Mtoto naye ni mtu, ila mdogo. Basi mto wake uwe mdogo. Nikachukua sponji ngumu, ile ya bei, nikaikata mteremko kama paa la kibanda, juu nene, chini nyembamba, nikaivika kitambaa chenye vipepeo. Ilikuwa kazi safi. Nilimlaza mtoto juu yake mchana, kichwa juu miguu chini, na wallahi alilala. Nusu saa nzima. Kabla hajaamka, akina mama wawili wa ua na mmoja wa nyumba ya pili walikuwa wameweka oda. Nilishaanza kuhesabu mabati.

Landilodi alitoka kuswali alasiri, akapita mlangoni kwetu, akasimama. Alimwinua mtoto taratibu, akampa Zaina. Kisha akaichukua ile sponji kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya, akaenda nayo uani na kuita wapangaji wote. Mkutano wa ua kwa kawaida ulikuwa wa mambo ya choo na ya maji. Watu walikuja wakiwa na visingizio tayari.

Akaiweka sponji juu ya mkeka. Akaingia dukani kwake, maana chumba chake cha mbele kilikuwa na dirisha la duka, akatoka na pakiti ya kilo mbili ya unga wa posho, yaani wa mahindi. Akailaza juu ya mteremko wangu. Ikatulia vizuri kabisa, nami nikatabasamu.

"Huyu ni mutoto," akasema. "Amelala, baba yake anafurahi. Sasa mutoto anapiga teke."

Akautikisa mkeka kidogo. Pakiti ikashuka. Akatikisa tena, ikateremka mpaka chini, ikajikunja katikati, nusu ya juu ikaegemea nusu ya chini, na karatasi ikabonyea pale ambapo mtoto angekuwa na shingo.

"Unga hauhitaji kupumua," landilodi akasema. "Wenu wanahitaji. Hapa kidevu kimeingia kifuani, njia ya hewa imefungwa, na huyu hana nguvu ya kuinua kichwa. Pua iliziba nusu, baba amemalizia."

Mama wa chumba cha tano, ambaye nusu saa iliyopita alikuwa amechagua rangi ya kitambaa, akasema mbele ya watu, "Mimi nilishangaa tangu mwanzo." Oda zote tatu zikafa palepale. Nilijaribu kujitetea. Nilisema ningeweza kuweka ukingo chini ili asiteremke.

"Ukingo wa sponji?"

"Ndiyo, Hajati. Laini."

"Ili akifika chini auzike uso ndani yake. Asante, bwana. Una huruma."

Watu wakacheka. Mtoto, akasema, analala chali, kwenye kitanda kigumu kilicho sawa, bila mto, bila mwanasesere, bila mablanketi ya kurundika. Kichwa unataka kiwe juu? Mshike. Akiwa macho mweke begani, tembea naye, pua itashuka yenyewe, na wewe unapunguza kitambi. Akilala, mrudishe chali, sawa. Ile sponji akaichukua. Tangu siku ile aliikalia akichambua maharage, na kila nikipita aliniambia inamfaa sana mgongo.

Lakini msije mkadhani nampamba. Mwanamke huyohuyo aliyetuhubiria juu ya mablanketi ndiye aliyetuletea zawadi ya mtoto blanketi zito la kutosha kufunika ng'ombe, akaudhika kuona hatulitumii. Mwanamke huyohuyo aliyekataza vitu kitandani alipitisha mkono uvunguni mwa kitanda chetu na kuweka kitunguu kilichokatwa, kwamba kinavuta mafua. Chumba kilinuka pilau siku mbili, na mafua hayakuvutika popote.

Na dukani kwake, dirishani, vikopo vya dawa ya kuchua yenye harufu kali vilipangwa mpaka juu. Siku ya pili nilienda kununua kimoja nimpake mtoto kifuani na puani. Nilifika na bei yangu mfukoni.

"Hii ni ya magoti," akasema.

"Lakini Hajati, imeandikwa ya mafua."

"Ya mafua ya mutu mwenye meno. Hii inachoma. Mutoto wa wiki kumi ukimupaka, kifua kinabana badala ya kufunguka."

"Sasa kwa nini iko hapa dirishani?"

"Mafuta ya taa pia iko dirishani. Unataka kumupaka nayo?"

Nimewahi kununua vitu kwa watu wasiotaka kushusha bei. Yeye ndiye mfanyabiashara pekee niliyekutana naye aliyekataa bei kamili.

Kuhusu sigiri sina utetezi mrefu. Mbale ikinyesha, baridi ya mlimani inashuka mpaka ndani ya soksi. Jioni ya siku ya tatu niliingiza jiko la makaa chumbani, nikafunga mlango na dirisha, ili mtoto apate joto. Moshi haukuwepo, makaa yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, ya kupendeza. Landilodi aliona mwanga mwekundu chini ya mlango. Alikuja na ndoo. Aliimwagia sigiri maji mpaka ikazimika na chumba kizima kikageuka mvuke na majivu, kisha akafungua dirisha na mlango na kututoa nje sote watatu, kwenye baraza lake.

"Makaa bila moshi ndiyo inaua kimya," akasema. "Moshi ingalau inakuambia toka." Kisha akanipa dekio.

Alituruhusu mvuke wa namna moja tu: maji ya moto ya kuogea ndani ya beseni, bafuni, mlango umefungwa kidogo, mama ameketi mbali nalo amempakata mtoto, dakika chache. Beseni hilo alilisimamia yeye mwenyewe asije mtu akalisogelea. Mtoto hakuungua, lakini mimi niliitwa majina mabaya.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya mdomo. Desturi ya akina mama wengi kwetu, pua ya mtoto ikiziba, ni kuinyonya kwa mdomo na kutema pembeni. Landilodi alikuwa bingwa wa ua mzima. Alinyonya pua za watoto wake, za wajukuu, na za wapangaji waliolipa na wasiolipa, na alitema mbali kuliko mwanaume yeyote pale. Siku ya pili alimnyonya binti yetu pua zote mbili, mtoto akanyonya ziwa kwa amani, Zaina akalia kwa furaha. Mimi nilikwenda kula nje.

Kisha ikaja siku ya nne. Landilodi aliingia saa kumi alasiri, akafunua kifulana, akachuchumaa. Midomo yake ilitembea, ikasimama. Ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa inaingia ndani kila mtoto anapovuta hewa, na pumzi zilikuwa za haraka. Tangu adhuhuri hakuwa ameshika ziwa.

"Kliniki."

"Hajati, mvua hii. Kesho asubuhi mapema—"

"Sikukuuliza bei," akasema. Boda ilikuwa tayari imesimama getini. Alikuwa ameita kabla hajaingia kwetu, aliposikia pumzi za mtoto juu ya ukuta. Alimfunika Zaina na mtoto turubai, akapanda boda ya pili nyuma yao, na mimi nikafuata kwa miguu nikikimbia kwenye matope, nikiwa kwa mara ya kwanza maishani sina neno la kupunguza.

Musawo, yaani mhudumu wa kliniki, alikuwa kijana mpole. Alisema mmekuja wakati mzuri, kifua kilikuwa kimeanza kuelemewa. Wakamweka mtoto kwenye hewa ya oksijeni, tukakaa siku mbili. Alipopata nafuu, musawo alitufundisha: matone ya maji ya chumvi ya dukani, moja moja kila tundu, subiri kidogo, kisha vuta taratibu kwa pampu ndogo ya mpira, kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Usizidishe, pua itavimba. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi. Osha pampu kwa maji ya moto.

"Na mdomo?" landilodi akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na jambo.

"Mdomo hapana, Hajati. Unampa mtoto wadudu wa mtu mzima."

"Na kitunguu?"

"Kitunguu ni cha sufuria, mama."

Landilodi alirudi moja kwa moja kwenye kiti chake cha kamba. Wiki nzima hakutangaza pua ya chumba chochote. Kisha akaenda mjini, akarudi na pampu nne za mpira kwa ajili ya duka lake, akaita mkutano uani, akatuonyesha zinavyotumika kwa kunyonya maji kwenye kikombe. Mama wa chumba cha tano akathubutu kumkumbusha kwamba sote tulizoea mdomo.

"Mdomo?" landilodi akasema. "Nani aliwafundisha uchafu huo?"

Tulikuwa vyumba vinane. Tukakitazama kile kikombe. Sote tulikuwa wapangaji.

Tuliondoka Mbale binti yetu alipoanza kukimbia, tukahamia Jinja. Sasa anasoma shule na pua yake inafanya kazi kuliko inavyotakiwa. Ananusa chapati toka barabarani. Landilodi tulisikia miguu imemshinda, mtoto wake wa kiume akamchukua, na vyumba vikaachiwa dalali anayepokea kodi kwa simu. Nikasema moyoni, dalali huyo watoto wa watu watamkoromea mpaka asubuhi na hatajua.

Mwezi uliopita nilipeleka godoro Bugembe, nje kidogo ya Jinja, nyumba nzuri yenye geti jeusi na vigae mpaka kwenye ngazi. Mteja hakuwepo. Aliyenifungulia mlango wa ndani alikuwa yeye, landilodi. Amepungua, anatembea akishika ukuta, lakini macho ni yaleyale. Alianza kwa kuangalia godoro pembe zote nne, akasema sponji imepungua unene tangu niache kuogopa watu.

Kifuani alikuwa amebeba mtoto mchanga, ameegemea bega lake, anakoroma. Pua. Niliitambua kabla hajasema.

"Mjukuu?"

"Wa mwisho. Miezi miwili. Mafua tangu Ijumaa. Mbavu ziko sawa, nimeangalia."

Nilimwambia amlaze basi, apumzike mikono. Akanionyesha kwa kidevu kona ya sebule. Pale palikuwa na kiti cha gari cha mtoto, kile cha plastiki chenye mikanda, kimewekwa sakafuni, kimetandikwa leso na mto mdogo wa shingo.

"Hapo ndipo analazwa," akasema. "Usiku na mchana. Mke wa mwanangu amesema akikaa wima pua inafunguka. Ameona kwenye simu. Kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinaingia kifuani, nakiinua. Kinaanguka, nakiinua. Kwa hiyo mchana yeye akienda dukani namshika hivi. Usiku sina ruhusa ya chumba chao."

"Umemwambia?"

"Mara ya kwanza nilimwambia, akasema mama, hapa si Namakwekwe. Mara ya pili nilimtoa mutoto nikamlaza chali kitandani, sawasawa. Akaniambia nikirudia, Jumapili mwanangu ananirudisha Mbale. Na mwanangu alikuwa amesimama hapo, anaangalia kucha zake."

Sikuwahi kumwona akiongea bila kutoa amri. Alikuwa anaongea polepole, akimpigapiga mtoto mgongoni, na ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anaogopa.

"Mwambie musawo amwambie," nikasema.

"Kliniki hataki. Anasema mafua tu. Na ni mafua tu, kweli. Mafua hayamuui huyu. Kile kiti ndicho." Akakitazama kiti, kisha mimi. "Nikinyamaza, nakaa hapa na mutoto analala pale. Nikisema, naondoka, na mutoto bado analala pale, na hakuna wa kuinua kichwa."

Nikaanza kutafuta la kusema. Nina maneno ya kila bei. Mbele yake hayakuwahi kufanya kazi, na sasa niligundua kwamba hayafanyi kazi hata kwa ajili yake. Nikamwambia labda amsifu mkwewe kwanza, aseme kiti ni kizuri, cha safari ni kizuri sana, ila. Akatikisa kichwa. Nikamwambia labda mimi niseme, kama mtu wa magodoro.

"Wewe utauza godoro na kuondoka," akasema. "Mimi ndiye ninalala hapa."

Honi ikapigwa nje, mama wa mtoto amerudi. Kijana wa geti akaanza kuvuta komeo. Landilodi alimtoa mtoto begani, akambusu utosini, lakini hakusogea upande wa kiti. Alisimama pale katikati ya vigae, mtoto mikononi, akinitazama mimi.

"Bwana, umepanga kwa watu maisha yako yote," akasema. "Mimi sijawahi kupanga. Hii nyumba ni yake. Niambie haraka kabla hajaingia: mupangaji anamwambia vipi mwenye nyumba kitu ambacho hataki kusikia?"